Sayyida Salme binti Said: Binti wa Mtoni katika Ugeni wa Ujerumani

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayedharau kwao. Katika maisha ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja tarehe 30 Agosti 1844 na kufariki katika mji wa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, methali hiyo inapata uzito wa namna mbili. Kwanza, Salme aliiacha nchi yake, dini yake, jina lake na jamaa zake, akaishi umri wake uliosalia akiilipa gharama ya uamuzi huo. Pili, nyumba aliyoiacha ilitegemea jasho la watumwa halisi, ambao wao wenyewe walikuwa wameng'olewa makwao pasi na kuulizwa.

Wengi wanaomtaja Salme humkumbuka kama binti wa sultani aliyetoroka na Mjerumani. Kisa cha kutoroka kwake kina mvuto, lakini kilimalizika kwa usiku mmoja tu. Baada yake ilifuata miaka zaidi ya 57 ya kuishi mbali na Unguja. Makala haya yanayaangalia maisha yake kwa kufuata jambo linalojirudia katika maandishi yake yote: ukosefu wa starehe ndogondogo za kila siku. Hizi ni zile starehe ambazo mtu hazihesabu akiwa nazo, kama vile maji, upepo, harufu, mlango ulio wazi na mtu wa kuzungumza naye.

Malezi ya Mtoni

Baba yake Salme alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi katika milima ya Kaukasi. Salme alizaliwa katika kasri la Mtoni, lililokuwa ufuoni mwa bahari kaskazini ya mji wa Unguja. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, nyumba hiyo iliwahi kuwa na watu wapatao 1,000, kuanzia wake na masuria, watoto na wajukuu, hadi matowashi, wapishi na wachota maji. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 alikuwa safarini kutoka Oman kurejea Unguja, na aliacha watoto 36 walio hai.

Maisha ya kasri hilo yalikuwa na taratibu zake. Siku iligawanywa kwa sala tano. Maji yalikuwa tele, na vyumba vya kuogea vilikuwa vingi kiasi kwamba kuoga mara kadhaa kwa siku halikuwa jambo la ajabu. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Nguo zilifukizwa udi, na maua ya asumini yalitandazwa vitandani na katikati ya nguo. Milango ya vyumba ilikaa wazi ili upepo wa bahari upite, na katika mlango ulio wazi watu nao walipita, wakiamkiana na kuulizana hali. Wanawake walitafuna tambuu. Baba alikuwa na roshani yake iliyotazama bahari, ambamo alikunywa kahawa huku akitembea polepole. Lugha nazo zilikuwa nyingi. Mbele ya Sayyid ilitakiwa kuzungumzwa Kiarabu, lakini akiisha kuondoka ungesikia Kiswahili, Kihabeshi, Kituruki, Kiajemi na lugha ya Wacherkesi.

Ndani ya nyumba hiyo yenye neema, mama yake Salme alikuwa mtu aliyepotezewa kwao. Salme anaeleza kuwa Jilfidan alitekwa akiwa mtoto mdogo, wazazi wake walipouawa vitani, akatenganishwa na ndugu zake asiwaone tena. Kwa hiyo, kabla Salme hajaonja ugeni yeye mwenyewe, alilelewa na mtu aliyeujua. Jilfidan alifariki mwaka 1859 kwa kipindupindu.

Kalamu na Fitina

Wasichana wa kasri walifundishwa kuisoma Kurani, lakini kuandika hakukuwa sehemu ya elimu yao. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akiziiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ulimwingiza matatani mapema. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipanga kumpindua Sultan Majid, ndugu yao mwingine. Salme, akiwa na umri wa miaka 15 hivi, alivutwa upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, akawa mwandishi wa barua za njama hiyo. Njama ilishindwa, na Barghash akapelekwa Bombay, alikokaa uhamishoni kwa takriban miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Majid hakumwadhibu dada yake. Hata hivyo, uhusiano wa Salme na jamaa zake wengi ulipoa. Alikaa kwa muda katika mashamba ya Kizimbani na Bububu, kisha akarudi mjini. Huko alifahamiana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Urafiki ukawa mapenzi, na mapenzi yakazaa mimba. Kwa binti wa sultani kupata mimba nje ya ndoa, tena ya mtu asiye Mwislamu, hatari yake ilikuwa kubwa. Mwezi wa Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Inasimuliwa kwamba usiku huo ulikuwa wa Siku ya Mwaka, wakati wanawake waliposhuka pwani kuoga kama ilivyokuwa desturi, na kwamba Salme aliitumia fursa hiyo kuifikia mashua. Ikiwa ndivyo, basi desturi ya mwisho aliyoshiriki akiwa mwana wa Unguja ndiyo iliyomfungulia njia ya kuondoka.

Alipelekwa Aden, alikojifungua mtoto wa kiume, Heinrich, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo. Kisha wakasafiri kwenda Hamburg.

Hamburg na Starehe Zilizopotea

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, nayo Hamburg iko zaidi ya nyuzi 53 kaskazini. Tofauti hii si ya ramani tu. Kwa Mswahili, saa huhesabiwa kwa jua: likichomoza, siku imeanza, na baada ya saa 12 huzama. Mjini Hamburg mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa kumi alasiri limekwisha kuzama. Mtu aliyezoea kuujua wakati kwa mwanga na kwa adhana alijikuta katika mji ambamo mwanga ulidanganya na adhana haikuwapo. Isitoshe, Salme alikuwa amebatizwa bila kufundishwa kwa kina dini aliyoingizwa. Katika barua zake anaonekana kuwa mtu aliyeondolewa katika sala za zamani kabla ya kuzielewa zile mpya.

Baridi iliifunga milango. Nyumba za Hamburg zilihifadhi joto kwa kufunga kila mlango na kila dirisha, na chumba kilipashwa moto kwa jiko. Kwa wenyeji, mlango uliofungwa ulikuwa ishara ya ustaarabu na faragha, lakini kwa Salme ulikuwa ukuta. Mavazi nayo yalikuwa mazito na ya kubana. Kule Unguja alizoea kuuficha uso wake kwa barakoa mbele ya wageni, na hapa alitakiwa kuketi karamuni uso wazi huku wageni wakimtazama binti mfalme kutoka Afrika kana kwamba ni kitu cha maonyesho. Watu walimwonea shauku, lakini shauku si ukarimu.

Jambo lililompunguzia upweke ni lugha. Ruete alikuwa amejifunza Kiswahili Unguja, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mazungumzo yao. Asubuhi mume alipokwenda kazini, Salme alibaki katika nyumba ambamo hakuna aliyemwelewa, na jioni mume aliporudi, Kiswahili kilirudi pamoja naye. Ni muhimu kulitilia jambo hili mkazo, hasa kwa wanafunzi wa Kiswahili, kwani lugha hutajwa zaidi kama chombo cha mawasiliano au kitambulisho cha taifa. Katika nyumba ile ya Hamburg Kiswahili kilikuwa starehe ya mwili na roho, mfano wa maji baridi kwa mwenye kiu.

Watoto watatu walizaliwa kwa kufuatana: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Kila mmoja alipewa pia jina la pili la kwao mama: Thawka, Said na Ghuza. Majina hayo hayakuwa na kazi katika mitaa ya Hamburg. Yalikuwa akiba ya mama.

Ujane

Mwezi wa Agosti 1870 Ruete aliumia vibaya katika ajali ya tramu iliyokuwa ikivutwa na farasi, akafariki. Salme alikuwa karibu kutimiza miaka 26, na mtoto wake wa mwisho alikuwa na umri wa miezi minne hivi. Sheria za Hamburg za wakati huo hazikumpa mjane uhuru wa kuisimamia mali iliyoachwa wala kuamua peke yake mambo ya watoto wake. Fedha zilipungua. Alihama mji mmoja hadi mwingine, zikiwemo Dresden, Rudolstadt na Berlin, akitafuta mahali ambapo maisha yangekuwa nafuu, na alijipatia riziki kwa kufundisha Kiarabu.

Msiba huo ulimwondolea mume, na pia mtu pekee aliyezungumza naye Kiswahili. Aidha, aliyezaliwa katika nyumba ambamo kila kazi ilikuwa na mtu wa kuifanya, sasa alilazimika kujifunza ukubwani kuiendesha nyumba kwa mikono yake na kwa fedha chache. Hapa ndipo starehe za Mtoni zilipozidi kung'aa katika kumbukumbu. Kadiri maisha ya Ujerumani yalivyobana, ndivyo ua wa Mtoni ulivyopanuka.

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultan, alizuru London. Salme alikwenda huko kwa matumaini ya kupatana naye. Maofisa wa Uingereza walimshawishi asimwone kaka yake, wakimwahidi kuyashughulikia masilahi ya watoto wake. Hakumwona Barghash, na ahadi haikutimizwa.

Miaka michache baadaye, akiwa amechoka mwili na akili na akihofia kuwa hataishi hadi watoto wake wakue, alianza kuwaandikia habari za maisha yake. Watoto hao walijua kidogo mno kuhusu asili yake, zaidi ya kuwa alikuwa Mwarabu kutoka Zanzibar. Maandishi hayo ndiyo yaliyochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani, na hutajwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Sura zake nyingi zinahusu namna watu walivyoamka, walivyooga, walivyokula, walivyovaa, walivyougua na walivyosherehekea. Anayeandika hivyo anawapa watoto urithi ambao hana njia nyingine ya kuwakabidhi.

Kurudi Kusikokuwa Kurudi

Mwaka 1885 Salme aliiona tena Unguja, akiwa na watoto wake, lakini alifika kwa manowari za Kijerumani. Serikali ya Bismarck ilikuwa ikimshinikiza Barghash akubali madai ya Wajerumani katika bara la Afrika Mashariki, na madai ya Salme ya urithi yakawa karata mojawapo katika mchezo huo. Watu mjini walimlaki kwa furaha na kumwamkia kwa lugha aliyoitamani. Barghash, ambaye mwenyewe aliwahi kuionja Bombay, alikataa kumpokea. Salme alikwenda Mtoni na kukuta kasri limekuwa gofu. Wajerumani walipopata walichokitaka kwa Sultan, madai ya Salme yaliwekwa kando. Alirudi tena mwaka 1888 baada ya kifo cha Barghash, na mara hiyo pia hakufanikiwa.

Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1887, lilifunguliwa jijini Berlin chuo cha lugha za mashariki ambamo Kiswahili kilifundishwa kwa Wajerumani waliotarajiwa kwenda kutawala na kufanya biashara. Lugha ambayo mjane wa Hamburg alikosa wa kuizungumza naye sasa ilikuwa na darasa na walimu, kwa kuwa dola iliihitaji. Salme alikuwa ameihitaji kwa sababu nyingine.

Kuanzia mwaka 1889 aliishi Jaffa, na kuanzia mwaka 1892 Beirut, hadi mwaka 1914. Uchaguzi huo unaeleweka. Huko kulikuwa na jua, bahari, kahawa, adhana na Kiarabu. Vilifanana na vya kwao, lakini kufanana si kuwa. Mwaka 1914 alirejea Ujerumani kukaa karibu na jamaa zake, na huko ndiko alikofia.

Watoto na Urithi wa Ugeni

Watoto wa Salme waliupokea urithi huo kila mmoja kwa njia yake. Rudolph alilitumia jina la Said pamoja na la Ruete, akaandika kitabu kuhusu babu yake kilichochapishwa London mwaka 1929, na akayahifadhi maandishi ya mama yake, ambayo yalipelekwa Leiden, Uholanzi. Barua zake zilizohusu maisha ya Ujerumani zilichapishwa baada ya kifo chake. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993.

Antonie aliolewa na ofisa wa kikoloni na kuishi naye katika visiwa vya bahari ya Pasifiki vilivyotawaliwa na Wajerumani. Mwaka 1907 alichapisha kitabu cha mapishi kwa ajili ya nchi za joto, kilichokusudiwa wanawake wa Kijerumani waliokwenda kuishi makoloni. Mama alikuwa mwana wa nchi ya joto aliyekosa vya kwao katika nchi ya baridi. Binti aliwafundisha wana wa nchi ya baridi jinsi ya kuendesha jiko katika nchi ya joto. Tofauti ni kwamba wasomaji wa binti walikuwa na dola nyuma yao, na mama hakuwa na dola iliyomtaka isipokuwa kwa faida yake.

Mikono Isiyotajwa

Haitoshi kumhurumia Salme na kuishia hapo. Maji yale tele yalichotwa na watu. Upepo ulipokosekana, pepeo lilishikwa na mtu. Karafuu za Kizimbani zilichumwa na watumwa, na pato lake ndilo lililonunua udi na hariri. Katika kumbukumbu zake Salme aliutetea utumwa wa nyumba za Waarabu kuwa ulikuwa mpole kuliko walivyodhani Wazungu, na alipinga haraka ya kuukomesha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria huko mwaka 1897. Mambo hayo hayajasahauliwa. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, na baadaye uamuzi huo ukabatilishwa kwa sababu ya msimamo wake huo.

Je, majonzi ya Salme ni ya uongo? La hasha. Baridi ilimuuma kweli, na upweke wake ulikuwa wa kweli. Lakini mchota maji wa Mtoni, aliyeletwa kutoka Nyasa au Manyema, naye alikuwa na kwao. Alikuwa na chakula alichokizoea, lugha aliyolelewa nayo na mlango uliokuwa wazi kwa ajili yake. Hakufundishwa kuandika, na hakupata mfupa wa ngamia wa kuigia herufi. Hata Jilfidan, aliyekuwa mama wa binti wa sultani, habari za kwao zimetufikia kwa sentensi chache tu za mwanawe. Salme, aliyezijua habari hizo tangu utotoni, na aliyekuja kuonja mwenyewe maana ya kukatwa na kwao, hakuuvuka mstari huo mmoja wa kuuona ugeni wa wale waliomhudumia. Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya kumbukumbu zake, na ndipo pia penye funzo lake kubwa.

Hitimisho

Salme alizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg, katika kaburi la familia ya mumewe. Inasimuliwa kwamba miongoni mwa vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa pamoja naye.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, maisha haya yanaonyesha kuwa kumbukumbu za vitu vidogo si mapambo ya masimulizi. Ndizo zinazotuonyesha mtu alikuwa nani, alikosa nini, na ni nani aliyempa kile alichokikosa. Kazi za uhamiaji na za uhamishoni zinazoandikwa na Waafrika Mashariki zimezidi kuongezeka, na kila moja ina chai yake, jua lake na lugha yake iliyokosa wa kuijibu. Msomaji makini atazihurumia starehe hizo zilizopotea. Kisha atauliza maji yale yalichotwa na nani, na kwao kulikuwa wapi.